Jiko Lililobaki Ndani ya Uzio

Watu wa kwetu Usukumani hulitumia neno hoteli kwa kila mahali panapouzwa chakula, hata kama ni kibanda cha mabati chenye benchi moja na sufuria mbili za maharage. Waliozoea mjini husema mgahawa. Katika makala haya nataka kuzungumzia mgahawa wa aina nyingine kabisa, ule walioubuni Wafaransa: vioo vikubwa ukutani, vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, meza ya watu wawili au wanne, na mhudumu anayekuletea karatasi yenye majina ya vyakula na bei zake. Nina umri wa zaidi ya miaka sabini na sijapata kuuona mgahawa wa namna hiyo Shinyanga, wala Kahama, wala Geita. Hata hivyo mapishi yake yalipikwa huku kwetu kwa miaka mingi, na waliokuwa wakiyapika ni watu wetu. Kwa nini basi mapishi yalikuwako na mgahawa haukuwako? Nimelifikiria swali hili mara nyingi tangu nilipostaafu, na naona linatueleza mengi juu ya migodi kuliko takwimu za dhahabu na almasi.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi jambo hili lilivyoanza huko Ufaransa. Kabla ya miaka ya 1760, msafiri aliyefika Paris alikula katika nyumba ya wageni, kwenye meza moja ndefu, saa iliyopangwa na mwenye nyumba, na chakula kilekile alichokikuta. Kazi ya kupika kwa ajili ya kuuza ilikuwa imegawanywa baina ya vyama vya mafundi. Waliochoma nyama walikuwa na chama chao, waliotengeneza soseji chao, waliopika karamu chao, na kila chama kililinda haki yake kwa wivu. Mwaka 1766 bwana mmoja aitwaye Mathurin Roze de Chantoiseau akafungua nyumba iliyouza mchuzi wa nyama uliochemshwa kwa muda mrefu, wa kumrudishia nguvu mtu aliye dhaifu. Mchuzi huo ndio ulioitwa restaurant, yaani kirudisha nguvu. Mama zetu wanaujua mchuzi huo vizuri, maana ni jamaa wa ule wa kuku wa kienyeji anaopikiwa mzazi. Jina la mchuzi likageuka kuwa jina la nyumba.

Upya wa nyumba hizo ulikuwa katika mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida. Mtu aliketi meza yake mwenyewe, akaja saa aliyotaka, akachagua, akalipia alichokula. Katika miaka ya 1780 Antoine Beauvilliers, aliyekuwa mpishi wa ndugu yake mfalme, alifungua nyumba ya fahari iliyoitwa La Grande Taverne de Londres. Ukumbi wake ulikuwa wa kupendeza, wahudumu walivaa nadhifu, na divai ilitunzwa kwa uangalifu. Wapo wanaosema kwamba Mapinduzi ya mwaka 1789 ndiyo yaliyouzaa mgahawa. Hilo si sahihi, maana ulikuwa umekwisha kuzaliwa, lakini Mapinduzi yaliufungulia njia. Mabwana wakubwa walikimbia nchi au walikatwa vichwa, wapishi wao wakabaki bila kazi, na mwaka 1791 haki za pekee za vyama vya mafundi zikafutwa. Mpishi akatoka nyumbani kwa bwana akafungua mlango barabarani. Chakula kilichokuwa cha watu wa ikulu kikaweza kununuliwa na wakili, mfanyabiashara, hata mwandishi wa magazeti aliyepata fedha wiki hiyo.

Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo ya mpishi anayetoka. Nitairudia.

Katika karne ya 19 Wafaransa waliuweka upishi katika utaratibu kama tunavyoweka somo katika mtaala. Zamani sahani nyingi ziliwekwa mezani kwa pamoja, mtu akajichotea alichoweza kukifikia. Takriban mwaka 1810 balozi wa Urusi huko Paris, Kurakin, alileta desturi ya kwao ya kupakua kimoja baada ya kingine: supu, kisha samaki, kisha nyama, kisha vitamu vya mwisho. Desturi hiyo ilishika polepole mpaka ikaenea Ulaya nzima. Kisha akaja Auguste Escoffier, aliyefanya kazi katika hoteli kubwa za London pamoja na César Ritz, na mwaka 1903 akachapisha kitabu cha mapishi ambacho wapishi wa hoteli walikishika kama walimu tulivyoshika kiongozi cha mwalimu. Aliligawa jiko kwa kazi: mtu wa sosi, mtu wa nyama za kuchoma, mtu wa mboga, mtu wa keki, na kila mmoja akajua mkubwa wake ni nani. Waingereza, ambao hawakuacha kuwasema Wafaransa vibaya kwa mambo mengine, walikubali kushindwa jikoni, hata orodha za vyakula vya karamu za mfalme wao zikaandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo popote Mwingereza alipokwenda kutawala, meza ya Kifaransa ilimfuata, mara nyingi ikiwa imechakaa kidogo njiani.

Huku kwetu ilifika kwa reli na kwa migodi. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga. Nilipokuwa nikisafiri kwenda chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa daraja la tatu tulikuwa na viazi na mayai ya kuchemsha kwenye vikapu, lakini nilipata kupita karibu na behewa la chakula nikaona meza zimetandikwa vitambaa, uma upande wa kushoto na kisu kulia, na mhudumu mwenye koti jeupe akitembea na bakuli la supu bila kumwaga tone huku gari moshi likiyumba. Supu, samaki, nyama, pudini. Desturi ya balozi Kurakin ilikuwa ikipita katika mbuga za Usukuma, na aliyekuwa akiitekeleza alikuwa Mtanzania mwenzangu.

Migodi ilikuwa na meza kubwa zaidi. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa mtambo katika miaka ya 1930, na mgodi ule wa zamani ulifungwa mwaka 1966. Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wenye almasi mwaka 1940. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mpweke asiyependa watu wengi, lakini alijenga mji mzima ndani ya uzio: hospitali, shule, klabu, uwanja wa ndege. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya Cartier, ambayo asili yake ni Paris, iliitia katikati ya ua la kubandika kifuani. Ninapoliona ua hilo katika picha, malkia yuko mezani na wageni, huwa nawaza kwamba jiwe letu lilipata kiti katika karamu ile kabla yetu.

Ndani ya nyuzi za namna hiyo wakuu wa kazi, mafundi na vibarua hawakuishi pamoja wala kula pamoja. Mahali pa kulia pa Wazungu paliitwa mesi. Mjomba wangu, mdogo wa mama yangu, alifanya kazi katika mesi ya mgodi mmoja, ambao sitautaja, tangu mwaka 1946 mpaka 1964. Aliingia kuosha vyombo. Baada ya miaka mitatu akamenya viazi, baadaye akakabidhiwa supu, na mwishowe akawa mtu wa sosi. Mpishi mkuu hakuwa Mfaransa, lakini alikuwa amefundishwa katika meli na mpishi wa Kifaransa, na majina ya vitu aliyataja kwa lugha hiyo. Mjomba hakujua kusoma Kiingereza, sembuse Kifaransa, lakini kichwani alikuwa na majina ya sosi zaidi ya ishirini, na aliyatamka kwa lafudhi ya Kisukuma iliyoyafanya yafanane na majina ya vijiji vya Maswa.

Alipokuja likizo Krismasi ya mwaka 1962 alitaka kutuonyesha kazi yake. Alichemsha maziwa, akamenya kitunguu kimoja kizima, akachomeka karafuu nne kwenye kitunguu hicho na kukitumbukiza. Bibi akamwuliza kwa nini anapigilia misumari kwenye kitunguu. Tulicheka sana, na kumbe Bibi alikuwa sahihi kuliko alivyojua, maana Wafaransa nao huiita karafuu kwa neno la msumari. Mjomba akakaanga unga wa ngano kidogo kwa samli, kwa sababu siagi haikuwako, akaumiminia maziwa yale huku akikoroga upande mmoja. Ulitoka uji mweupe laini wenye harufu nzuri. Wazee waliuonja kwa heshima, kisha mmoja akasema ni uji mzuri ila umekosa sukari.

Karafuu zile nne nimezisoma baadaye, na safari yake inastahili kuelezwa. Zamani zilitoka visiwa vya Maluku tu, na Waholanzi walizilinda vikali. Mwaka 1770 hivi Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche na kuipeleka kisiwa cha Mauritius, ambacho kilikuwa cha Wafaransa wakati huo, na mikarafuu ikapandwa pia Réunion. Kutoka huko, mwanzoni mwa karne ya 19, ilifika Unguja, na ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa waliotoka bara. Vivyo hivyo vanila ya pudini: iliyowezesha ilimwe kwa wingi nje ya Meksiko ni mbinu ya kuchavusha ua kwa mkono aliyoigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 huko Réunion, mwaka 1841. Matajiri wa vanila walifaidi, naye akafa maskini mwaka 1880. Watu husifu migahawa ya kisasa kwamba imechanganya ladha za dunia nzima, kana kwamba ni jambo jipya. Meza ya Kifaransa ilikuwa ya dunia nzima tangu zamani. Viazi na nyanya vilitoka Amerika, sukari ilitoka mashamba ya watumwa ya Karibi, kahawa na viungo vikaja kwa meli. Upya wa siku hizi ni kwamba asili ya vitu hivyo huandikwa kwenye orodha, kwa sababu inaongeza bei.

Mjomba alipoacha kazi alipewa barua. Niliisoma mwenyewe, nikamtafsiria. Ilikuwa na mistari mitatu: kwamba ni mwaminifu, ni msafi, na halewi. Juu ya sosi ishirini hapakuwa na neno. Alinitaka niisome tena, akidhani nimeruka mstari.

Sasa nairudia ile picha ya mpishi anayetoka. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mabwana wengi waliondoka, na wapishi walirudi vijijini, wakiwa na ujuzi uleule ambao ulitajirisha wapishi wa Paris. Kwa nini hawakufungua mlango barabarani? Watu huniambia Msukuma hataki sosi, anataka ugali, michembe na maziwa mgando. Jibu hilo ni la haraka mno. Hata Mfaransa wa kijijini wakati wa Beauvilliers alikula mkate mweusi na supu ya kabichi. Mgahawa haukungoja taifa zima lipende sosi.

Sababu ya kwanza ni mtaji. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na sheria iliyobana kuwakopesha Waafrika. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai mahakamani bila mkopo ule kuidhinishwa na serikali. Ilitetewa kwamba inamlinda mwenyeji asinyonywe. Huenda walioitunga waliamini hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mpishi mwenye akili ya kufungua nyumba ya chakula hakuweza kupata magunia ya unga, sahani wala meza kwa mkopo, na hakuna mgahawa duniani unaoanza bila mkopo.

Sababu ya pili ni uzio wenyewe. Mpishi wa Paris alijua wateja, bei za sokoni, na aliyemuuzia bata. Mpishi wa mesi alipokea siagi kutoka stoo, imeagizwa na mtu mwingine, imelipwa na ofisi. Alijua kupika lakini hakujua sahani inagharimu senti ngapi. Hilo halikuwa kosa lake, maana hakuonyeshwa kamwe daftari la manunuzi. Mimi kama mwalimu naona hapo ndipo elimu ilipokatwa nusu kwa makusudi au kwa uzembe, na sijui lipi baya zaidi.

Ya tatu ni historia yetu wenyewe baada ya Uhuru, na hapa nasema kama mtu aliyelipenda Azimio la Arusha la mwaka 1967 na ambaye bado analiheshimu. Azimio lilitujengea shule, na mimi ni tunda lake. Lakini mwenye duka au hoteli alianza kutazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Ikafuata vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, kisha miaka ambayo sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula na sabuni vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, mtu mwenye katoni kadhaa za maziwa ya kopo aliweza kulala mahabusu. Katika hali hiyo ni nani angeandika orodha ya vyakula na kuitundika mlangoni? Biashara ilipofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, mjomba alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1979, na rika lake lilikuwa la wazee.

Nairobi ilikuwa na njia nyingine. Huko Alan Bobbé alifungua mgahawa wa Kifaransa katika miaka ya 1960, ukadumu kwa miongo kadhaa, na watu wenye nafasi walikwenda kula hapo kwa miadi. Nairobi ilikuwa na mashirika ya kigeni, walowezi waliobaki na watalii. Sisi tulikuwa na uzio, na nje ya uzio pamba na mpunga.

Kipo pia kisa cha samaki, ambacho nakitaja kwa sababu kinaonyesha mwendo uleule ukielekea upande mmoja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza ilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya, Ufaransa ikiwamo. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iliyoonyesha biashara hiyo kwa ubaya, ikapata tuzo ya César huko Paris mwaka 2006, na Rais Kikwete akailalamikia mwaka huohuo. Wafaransa walibishana kama ni haki kumla samaki wetu. Wakati wakibishana, mama wa Mwanza walikuwa wakikaanga vichwa na mifupa ya samaki yuleyule, ile tunayoiita mapanki, na kuiuza kwa bei ya mlalahoi. Sosi ya mjomba ingemfaa sana sangara. Wapishi wa Ufaransa walimpata sangara, na sisi tuliokuwa na mpishi tukabaki na vichwa.

Migodi mikubwa ilirudi. Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu ikaanza kuzalisha mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 na ikasimamisha uchimbaji mwaka 2021. Uzio ukarudi pia, sasa wenye umeme na kamera, na mesi sasa inaitwa kantini. Haibagui rangi, na hilo si jambo dogo. Lakini nilipomuuliza kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye alikuwa mpishi katika kantini ya aina hiyo, nyama na mboga zinatoka wapi, alinijibu kwamba yeye hupokea tu kutoka stoo. Nilisisimka, kwani lilikuwa jibu la mjomba neno kwa neno. Kanuni za mwaka 2018 za kuwashirikisha Watanzania katika sekta ya madini zinaagiza kipaumbele kwa bidhaa na huduma za nchini, nami naziunga mkono. Ila kununua nyanya Geita ni hatua moja, na kumwonyesha mpishi daftari la manunuzi ni hatua nyingine.

Anayenikumbusha mgahawa wa kwanza wa Paris kuliko kantini yoyote ni mama ntilie wa machimbo madogo. Nenda Nyarugusu au Rwamgasa, pembeni ya maduara na makarasha. Mchimbaji anakuja saa yoyote, anachagua wali au ugali, dagaa au nyama, anakula, na asipokuwa na fedha anaandikwa kwenye daftari mpaka mawe yatoe. Mama anajua bei ya kila sahani, anajua nani hulipa na nani hukimbia, na anajua kabla ya benki kwamba duara fulani limekauka. Hana kioo ukutani wala kitambaa mezani, na vumbi la karasha huingia kwenye mchuzi. Kama mtu angemfundisha sosi mbili tatu na kumkopesha fedha kwa riba ya haki, sioni kwa nini asifike alikofika Beauvilliers.

Tangu mwaka juzi nimekuwa nikiwatafuta wapishi wa zamani wa migodi na kuandika wanayoyakumbuka katika daftari. Mpaka sasa nimewapata watatu walio hai. Mmoja, anayekaa upande wa Kolandoto, amepita miaka tisini na haoni vizuri, lakini alinieleza hatua kwa hatua sosi ya viini vya mayai na siagi, anayoiita olandesi: bakuli juu ya maji ya moto yasiyochemka, siagi tone kwa tone, na ikikatika, chukua kiini kipya uimimine ile iliyokatika juu yake polepole. Wajukuu wake waliokuwa wameketi nasi walisema hawajawahi kumsikia akiyataja mambo hayo. Wa nne nimeambiwa yuko Ushirombo. Nitakwenda huko baada ya kuvuna mpunga.